Amina Thelathini na Tisa

Jumatatu, 10 Februari

Shilingi 30 za kredi zimepotea kati ya jana saa mbili usiku na leo saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Pamoja nazo zimepotea lita 60 za maziwa ya shule.

Niliamka saa kumi na moja kama siku zote. Nikawasha moto, nikasoma neno la asubuhi kwenye simu, nikajibu Amina, nikatoka kupokea maziwa. Wakulima kumi na mmoja, mitungi yote imepimwa, hakuna aliyetia maji. Saa kumi na mbili kasoro robo nikampigia Bwana Kirimi wa stoo ya shule. Yule mama wa kwenye simu akaniambia salio langu halitoshi.

Masharti ya Kirimi nayajua. Umpigie kabla ya saa kumi na mbili umwambie una lita ngapi. Usipopiga, anamwita mwanamume wa pikipiki alete maziwa yake. Wanafunzi mia nne hawangoji chai.

Kwenye simu sikuwa na pesa ya kununulia kredi. Jumapili ndiyo siku ya kulipa wakulima, zilibaki shilingi 4. Kredi ya kukopa bado nadaiwa. Kibanda cha Dennis anayeuza kredi hakifunguliwi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nikakimbiza maziwa mpaka getini. Nimefika, sufuria tayari zimejaa maziwa ya mtu mwingine.

Kirimi alisema, "Mama Kendi, leo nakusamehe. Mara ya pili usinijie na hadithi."

Nimeuza hotelini kwa 40. Mkulima namlipa 45. Hasara shilingi 300, bila kuhesabu faida ya 780 ambayo ningeipata.

Miaka tisa sijawahi kuachwa na sufuria.

Jumatano, 12 Februari

Jana jioni niliweka 50. Leo baada ya kuomba nikaangalia: 20. Hakuna aliyepiga simu. Kumi tatu zimekwenda nikiwa jikoni.

Nimempigia Kirimi mapema, lita 60 zimeingia. Afadhali.

Kisha nimepiga kwa kampuni ya simu. Muziki dakika ishirini na nne. Halafu kijana mwenye sauti laini: laini yako imejiunga na huduma, shilingi kumi kwa siku, tangu tarehe 6 Januari. Nimemuuliza nani aliniunga. Akasema, "Mteja alikubali mwenyewe, mama." Nikamwambia aitoe. Akasema itatoka ndani ya saa arobaini na nane.

Tangu tarehe 6 Januari ni siku 38. Shilingi 380. Debe la mahindi linakaribia hapo.

Kendi alipotoka shule nilimkalisha chini. Ana miaka saba, yuko Gredi ya Pili. Mwalimu hutuma kazi ya nyumbani kwa simu, hivyo simu lazima aishike. Akimaliza hucheza ule mchezo wa kupanga matunda. Alikubali bila kuchapwa. Kulitokea karatasi ya rangi kwenye kioo, alisema, ikafunika matunda yake. Akabonyeza NDIYO, ikaja nyingine, akabonyeza NDIYO tena.

"Ilikuwa inaziba matunda yangu, mami."

Sawa. Hiyo ni kumi. Lakini zilizokwenda ni thelathini. Ishirini ziko wapi? Nilimuuliza ni nani anampigia. Akasema hapigii mtu. Nikamuuliza tena. Akasema hapigii mtu. Nikamwita mwongo. Alilia hadi akalala bila kula.

Simu nimeifungia kabatini, ufunguo uko shingoni mwangu. Pesa zote za kwenye simu nimezitoa kwa wakala na kuziweka kwenye mkebe. Kidole cha mtoto kisinifilisi. Nimeweka kredi ya 30 tu. Wakate kumi yao, nibaki na ishirini, dakika nne nzima za kuongea na Kirimi. Sitawapa zaidi ya hapo wale.

Alhamisi, 13 Februari

Salio: sufuri.

Simu ilikuwa kabatini usiku kucha. Nimeitoa mimi mwenyewe saa kumi na moja. Hakuna mtoto aliyeigusa. Neno la leo lilikuwa la kumngojea Bwana. Nilisoma mara mbili, nikaomba juu ya jambo hili hili la kredi, nikajibu Amina. Saa kumi na mbili kasoro robo, yule mama wa salio tena.

Pesa zangu ziko kwenye mkebe. Mkebe haununui kredi saa kumi na mbili kasoro robo.

Nilibisha kwa jirani. Mbwa ndiye aliyeitika. Nilipofika shule ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Mwanamume wa pikipiki alikuwa akiosha mitungi yake kwenye bomba la shule. Alinisalimia vizuri sana. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Kirimi hakufoka. Alisema kama ni kosa la kampuni, nilete karatasi inayosema hivyo, ataipeleka kwa mwalimu mkuu. Bila karatasi, tumemalizana.

Sasa swali ni moja. Kumi ni ya mchezo. Ishirini ni ya nani?

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda Meru mjini, duka la kampuni. Nauli kwenda na kurudi 300. Foleni ya saa mbili nzima.

Msichana wa dukani ana adabu. Amenichapia orodha, kurasa mbili. Nimesoma kila mstari nikiwa nimesimama hapo hapo.

Kila siku saa kumi na moja: shilingi 10, ujumbe umeingia. Kila siku dakika chache baadaye: shilingi 20, ujumbe umetoka. Maneno niliyotuma yamechapwa pembeni. AMINA. AMINA. AMINA. Mpaka chini.

"Mama, hii ni huduma ya neno la siku," akasema. "Kupokea ni kumi. Kujibu ni ishirini. Hapa umejibu mwenyewe."

Nimesema sikujua kujibu kunalipiwa. Akasema imeandikwa kwenye masharti. Nimeuliza masharti yako wapi. Akasema kwenye ile karatasi iliyotokea kwa kioo. Ile iliyosomwa na mtoto wa miaka saba anayetafuta ndizi na nanasi.

Mpaka jana ni siku 39, leo laini haikuwa na kitu cha kukatwa. Siku 39 kwa 10 ni 390. Amina 39 kwa 20 ni 780. Jumla 1,170.

Theluthi moja ni ya Kendi. Theluthi mbili ni zangu.

Mimi ninayejua maziwa yaliyotiwa kikombe kimoja cha maji. Mimi niliyeandika kila lita kwenye daftari miaka tisa. Kredi sikuwahi kuiandika. Niliiweka yote kwenye mstari mmoja: simu.

Jumapili, 16 Februari

Nilihitaji kumsikia Mama Muthomi kwa mdomo wake. Yeye ndiye katibu wetu wa akina mama kanisani. Tarehe 5 Januari alisimama mbele akatangaza kwamba mwaka huu kila mama atapata neno saa kumi na moja kwa simu, na ajibu Amina, ili ijulikane nani ameamka kuomba na nani bado anakoroma. Kesho yake neno likaja. Ningejuaje? Namba ilikuwa fupi, tarakimu tano. Nilidhani ni mambo ya kisasa, kikundi kimenunua namba yake. Nilijibu kabla ya jogoo. Nilitaka jina langu liwe la kwanza. Hilo naliandika hapa, kwingine sitalisema.

Baada ya ibada nikamuuliza. Akapiga makofi.

"Mwanamke wewe! Simu yangu iliingia kwa ndoo ya maji siku ile ile. Hata neno moja sijatuma! Hamkuona kimya?"

Wengine waliona kimya. Hawakuuliza, walikuwa wanakoroma kwa raha. Mama mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Kumbe Mama Kendi amekuwa akiungama kwa mashine!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Meno tu.

Nimempigia Baba Kendi huko Embu anakojenga. Akasema, "Lakini uliomba, si uliomba?" Sijui kama alikuwa ananifariji au ananicheka. Nimekata simu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimempelekea Kirimi karatasi. Sikumficha ukurasa wowote. Alisoma akifuata mistari kwa kalamu. Alipomaliza akasema, "Mama Kendi, karatasi hii haisemi kampuni imekosea. Inasema ni wewe." Nikamwambia nimesoma. Nikamwambia pia lita zangu 60 hazijawahi kuganda, na mitungi ya yule wa pikipiki ni ya plastiki iliyowahi kubeba rangi. Akasema atazungumza na mwalimu mkuu, atanipigia jioni.

Jioni imepita.

Kampuni imejibu malalamiko yangu kwa ujumbe. Mteja alishiriki huduma kwa hiari. Hakuna marejesho. Suala limefungwa. Wamenishukuru kwa kuwa mteja wao.

Wakulima watatu wameanza kumpa maziwa mwanamume wa pikipiki. Siwalaumu. Ng'ombe haelezwi mambo ya kampuni ya simu. Kumi na mmoja, sasa wanane. Lita 60, sasa 42. Hotelini bado ni 40 na wamesema wiki ijayo huenda 38. Kwa bei hiyo nikikusanya maziwa nalipa ili nifanye kazi. Nimepiga hesabu mara tatu. Haibadiliki.

Jioni nilimwita Kendi. Nikamwambia zile ishirini hakuzichukua yeye, ni mimi. Nikamwambia pole kwa kumwita mwongo. Sikumbuki mama yangu akiniambia neno hilo. Alinisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu. Nikampa simu afanye kazi ya mwalimu, ana kazi za siku tatu hajafanya. Akaficha mikono nyuma.

"Shika wewe, mami. Mimi niambie tu imeandika nini."

Basi nimemsomea. Alikuwa ameambiwa ataje vitu vitatu vinavyotoka kwa ng'ombe.

Jumanne, 18 Februari

Saa kumi na moja. Baridi. Neno limekuja, na walisema huduma itatoka ndani ya saa arobaini na nane. Shilingi kumi. Nimelisoma, lilikuwa zuri. Sikujibu. Nimesema Amina kwa mdomo, mbele ya moto.

Salio 40. Nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wake peke yake.

Kendi bado amelala. Mitungi nimeisuuza. Wakulima wanane wataanza kufika muda si mrefu na wa kwanza ataniuliza kama kesho alete au asilete. Sidhani Kirimi atachukua. Lakini kunyamaziwa sikubali, kufungiwa suala na kampuni kunatosha. Nimemtumia ujumbe huu, na huu najua bei yake:

Bwana Kirimi, habari ya asubuhi. Leo nina lita 42, safi. Karatasi umeiona yote, kosa langu umeliona. Sitaki kuambiwa tutaona. Unachukua maziwa yangu au huchukui? Nijibu ndiyo au hapana kabla ya saa kumi na mbili.