Kofi juu ya aksanti

Célestine, uko? Bibi Victorine amemupiga prezida wetu Hippolyte kofi. Mbele ya watu wote!

Ni leo, kwa sikukuu ya miaka makumi mbili ya kikundi chetu cha amani na haki, hapa Kasongo. Hippolyte alimupa bibi kitenge, akamusogezea mikro: "Bibi, sema basi aksanti!" Bibi akageuza uso. Hippolyte akacheka: "Sema aksanti, watu wasikie!" Paa! Kofi, Célestine. Kofi!

Kiisha bibi akashika mikro, akatuelezea.

Wakati wa Wabeleji, yeye angali mutoto kule Wamaza, baba yake Musafiri hakujaza kitunga cha pamba ya lazima. Wakamulaza chini uchi, askari akamutandika fimbo mpaka ngozi ya mugongo ikapasuka. Wakimaliza kukupiga, ulipaswa kusimama, upige saluti, useme: "Aksanti, Bwana."

Musafiri alisimama. Hakusema.

Wakamulaza tena. Fimbo ikarusha damu mpaka kwa nguo ya Victorine. Akalia: "Baba, sema aksanti! Sema, baba!"

Baba akamutazama: "Mutoto wangu, ile neno usinifundishe."

Wakamulaza mara ya tatu. Hakusimama tena.

Hippolyte, mukono kwa shavu, akaokota kitenge kilichoanguka, akakiweka polepole kwa magoti ya bibi. Hakuomba tena aksanti.

Kwa programu ilibaki neno la aksanti. Mimi njo nilipaswa kulisema.

Célestine, sikusimama.