Hatua Fupi ya Mbah Kromo

Kedungpring, 9 Mei 1994

Mdogo wangu Sarjono,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na wajukuu. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia limegoma kabisa, na macho nayo yamefifia, ndiyo maana maandishi yanapanda na kushuka. Usicheke. Nasikia na wewe hujabakiwa na meno.

Miaka thelathini na saba hatujaandikiana, na mimi naanza na habari za goti. Ni woga tu wa kulifikia lililonifanya nishike kalamu. Mmezika kijana. Nimeambiwa anaitwa Wahyudi, kwamba alivuka daraja akiwa na fulana ya chama chenu cha silat, na kwamba vijana wa mshipi mwekundu, yaani wangu, walikuwa wanamngoja upande wa pili. Sikuja kuhani kwa sababu mngeona nimekuja kuwakejeli. Nilimsomea Fatiha hapa uani kwangu.

Sarjono, mwezi wa Suro unaingia, na mwaka wetu mpya. Siku ya kwanza vyama vyote viwili vitapanda kilima kilekile kuzuru kaburi la Mbah Kromo, malori kwa malori, kila upande ukidai mwalimu wetu ni wake na silat ya kweli, mapigano aliyotufundisha, ni yake. Mwaka jana walirushiana mawe. Mwaka huu wa kwenu wana damu ya kulipiza. Nataka wewe na mimi tutangulie asubuhi, tusimame pamoja pale kaburini, na malori yakifika tuwaambie silat hii ilitoka wapi hasa. Katika wanafunzi wake wa kwanza, wanaojua tumebaki sisi wawili.

Barua nampa Bu Lasmi, muuza tempe ya soya, aifiche chini ya bidhaa zake. Posta siiamini, mtoto wa tarishi ni wa kwenu.

Kaka yako,
Tukiran


Watugede, 14 Mei 1994

Kang Tukiran,

Waalaikum salaam. Barua imefika, imelowa kidogo na inanuka tempe. Mimi mzima. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Hukusikia, au ulisikia ukanyamaza. Meno ninayo manne na yananitosha.

Wahyudi alikuwa mjukuu wa dada yangu. Alikuwa anampelekea bibi yake mchele kwa baiskeli, na fulana ile aliivaa kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa safi. Silat yenyewe alikuwa hajaijua. Kusimama tu kulimshinda, kila jioni nilikuwa namgonga visigino kwa fimbo naye anacheka. Mama yake, Sumiati, hajatia kitu cha maana mdomoni tangu mazishi.

Leo unataka ukweli. Hebu tukumbushane. Kwenye arobaini ya Mbah Kromo, mkuu wa wilaya aliuliza kwa heshima zake mwalimu alifundishwa na nani. Kabla sijameza tonge, wewe ukaropoka kwamba babu zake walikuwa askari wa mfalme wa Majapahit, ule ufalme wa kale. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mke wa mkuu huyohuyo kwamba Mbah alifundishwa na walii ndotoni. Wageni wote wakanigeukia. Ungecheka ukasema umekosea, yangeisha palepale, na leo kusingekuwa na vyama viwili. Ukaniita mwongo mbele ya watu, wewe uliyejua kwamba tulikuwa waongo wawili.

Kaburi tutalizungumza baadaye. Kwanza niambie ni nani aliyempiga Wahyudi kichwani.

Mdogo wako, kwa umri tu,
Sarjono


Kedungpring, 20 Mei 1994

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Mungu amrehemu mkeo. Nilisikia, na nilinyamaza. Alinipikia wali mara nyingi tukiwa vijana, nami sikuja hata kushika jeneza lake.

Umeniuliza swali moja na nimelala nalo siku kadhaa. Ni Prasetyo, mjukuu wangu. Nilimwona mkono umevimba, nikamuuliza akiwa anakula. Akaendelea kula. Kisha akaniambia, "Mbah, hao ndio walioiba asili yetu. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha hivyo?" Hadithi ya askari wa mfalme nilimsimulia akiwa amekaa mapajani mwangu.

Unakikumbuka kifundo cha mguu cha Mbah Kromo, lile kovu alilokuwa akilificha hata akioga mtoni. Alikuwa mwizi wa nyati, wakoloni wakampeleka kifungoni kuchimba makaa ya mawe Sawahlunto, akafungwa mnyororo mmoja na wafungwa wa makabila mengine, Mminang, Mmadura na Mbugi. Kila mtu alikuja na mapigo ya kwao, wakafundishana gizani namna ya kubaki hai mguu ukiwa umefungwa. Hatua fupi tunayowafundisha watoto, mguu wa kushoto ukiburuta, mimi nawaambia ni adabu mbele ya mfalme, wewe unawaambia ni unyenyekevu mbele ya Mungu. Ni urefu wa mnyororo, Sarjono. Tuliuficha kwa sababu Mbok Kromo alitusihi asije akaitwa mjane wa mwizi. Mbok Kromo kafa zamani, na sisi bado tunaficha.

Nakuahidi hivi. Nitakuja kaburini na Pras. Atamwomba radhi mama wa marehemu, kisha mimi mwenyewe nitamshika mkono hadi polisi. Nampenda kuliko nilivyompenda baba yake. Afungwe, nitampelekea chakula mpaka nife, ila awe hai. Jina lake nimekupa wewe, libaki kwako.

Kaka yako,
Tukiran


Watugede, 3 Juni 1994

Kang,

Waalaikum salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliichana. Nilitembea na yule mjukuu wako kichwani wiki nzima, nikitamani mguu wangu ungekuwa bado na nguvu nije huko. Kisha nikakumbuka kwamba hadithi ya walii na mimi niliisimulia kwa watoto, Wahyudi akiwamo, na waliomrushia mawe mtoto wa mpiga rangi wa kwenu mwaka jana nao walikuwa wanafunzi wangu.

Nikaona nijaribu kwanza kwenye kamati yangu. Niliwaeleza yote, nyati, machimbo, mnyororo. Walisikiliza kwa adabu mno. Mwenyekiti wetu siku hizi ni wakili wa mjini Madiun, kijana ana miaka arobaini. Akanitilia chai kwa mkono wake, akasema, "Mbah, umechoka. Pumzika, sisi tutaendesha." Kesho yake wakahamisha sherehe ya wanachama wapya kutoka uani kwangu, mahali ilipofanyika tangu chama kizaliwe. Sasa vijana wawili wamewekwa barazani eti wananilinda. Nikienda chooni wananiuliza naenda wapi. Wasingekuwa na adabu ningewafukuza, lakini wananiletea kahawa.

Nitakuja. Nitapita njia ya mashambani jua likichomoza, hao walinzi wangu huwa bado wanakoroma. Njoo mapema, na huyo kijana wako mwambie asivae mshipi wala fulana ya chama. Sumiati bado hali, amebaki mifupa.

Mdogo wako,
Sarjono


Kedungpring, 7 Juni 1994

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Nimefurahi mpaka goti limesahau kuuma.

Nimemweleza Pras. Nilimfunga kamba kifundoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo, nikamwambia acheze hatua zetu. Alizicheza zote kumi na mbili na kamba haikumkwaza hata mara moja. Akasimama akiitazama. Akauliza, "Kwa hiyo yule nimemuua kwa ajili ya nini?" Kisha akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, kwa sauti, mpaka majirani wakachungulia.

Atakuja, na fulana ni ya kawaida. Mama yake hajui, nitamwambia tukirudi. Nakuomba tena, jina lake usimpe mtu.

Kaka yako,
Tukiran


Watugede, 14 Juni 1994

Kang Tukiran,

Assalamu alaikum. Sijui nikuulize hali vipi. Mkono ninaoandikia ndio uliobaki mzima, ule mwingine wameufunga kwa mbao.

Ulikuwapo, uliyaona, sina haja ya kuyarudia. Nakuandikia lile usilolijua, usije ukalisikia kwa watu. Jina nilimpa Sumiati. Ilikuwa siku mbili kabla. Nilimkuta amelala chini hawezi hata kugeuka, nikaona atakufa. Nikamwambia ale, apate nguvu ya kupanda kilima, kwa maana aliyemuua mwanawe anakuja mwenyewe kumwinamia na kumwomba radhi. Aliketi. Alikula bakuli zima la wali mbele yangu, nami nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu.

Anasema alimwambia kaka yake peke yake. Wallahi namwamini. Kaka yake ndiye aliyewaambia wengine, na wengine ndio wale waliotoka nyuma ya makaburi na mianzi, kabla Pras hajafika hata pale Sumiati alipokaa. Wengi niliwafundisha mimi. Nililitaja jina la Mbah Kromo kwa nguvu zangu zote ili waache, wakadhani nawatia moyo. Nilipomlalia Pras juu nilipigwa na kijana ninayemjua tangu anatambaa. Pras hakujitetea. Angeweza, mimi na wewe tunajua mikono yake, lakini aliiweka chini.

Sumiati alipiga kelele waache. Nataka ulijue hilo pia.

Kaka, sijui kuomba msamaha wa kitu kama hiki. Lakini mwezi wa Suro haujaisha na vijana wako wanasemekana wanakusanya mapanga. Hebu tuseme hata sasa. Nitakuja Kedungpring mwenyewe, na mkono huu uliovunjika, nisimame kando yako popote utakaposema. Wakitaka kuniua waniue nikishamaliza kusema. Nijibu, hata kwa neno moja.

Mdogo wako,
Sarjono


Kedungpring, 22 Juni 1994

Sarjono,

Waalaikum salaam.

Tumemzika Pras. Walimzungushia mshipi mwekundu juu ya sanda. Mimi sikutaka, lakini hakuna aliyeniuliza. Siku ya saba watu walijaa mpaka barabarani, na vijana waliokuja kuandikisha majina kujiunga na chama hatujawahi kuwapata wengi hivyo. Wakaniomba niseme neno.

Nilisimama nikiwa na nia ya kuusema mnyororo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, na barua yako ilikuwa mfukoni. Mama yake Pras alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye jamvi, ananitazama, anangoja nimwambie mwanawe amekufa kwa ajili ya nini. Ningemwambia ni kwa ajili ya mwizi wa nyati? Nikasema Majapahit. Nikasema askari wa mfalme, nikawapa na ngao za dhahabu ambazo sikuwahi kuwapa hapo zamani, na majina, na vita walivyoshinda. Nikasema Pras ameilinda asili yetu dhidi ya wezi. Watu walilia. Mama yake alikuja kunibusu mkono, akasema sasa anaweza kulala.

Baada ya hapo vijana waliuliza waende lini Watugede. Sikuwaambia waende. Sikuwaambia wasiende.

Usije huku. Ukija utasimama peke yako, na ukitaja Sawahlunto nitasema mbele yao wote kwamba wewe ni mzee aliyechanganyikiwa, nao wataniamini. Bu Lasmi hatapita tena, wameshamjua. Barua zako nimezichoma pamoja na majani makavu ya uani.

Tukiran,
Guru Mkuu wa chama cha silat cha Cahya Luhur