Shangazi Ngāwai Aliponiimbia Niketi

Manaaki, acha unachofanya usome hapa. Nimeaibika mbele ya bodi nzima ya kampuni yetu ya asali!

Si unaijua ile hoja yangu ya tangu kiangazi? Kwamba vikao viendeshwe kimarae, yaani kwa desturi ya uwanja wetu wa mikutano wa Kimaori, kama wazee wetu walivyofanya, msemaji asikilizwe bila saa wala kengele. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kura.

Nikasimama. Nikaanza na beti zangu za mlima, nikaja za mto, nikawasifu mababu mmoja mmoja. Ndugu yangu, nilikuwa nawaka! Tena nilikuwa kwenye ubeti wa kumi na tisa tu.

TU!

Shangazi Ngāwai akainuka, akaanza kuimba. Akaimba, Manaaki! Kina mama wote wa bodi wakamfuata. Nikadhani wananiunga mkono, nikapaza sauti. Nao wakapaza.

Mwenyekiti, Mjomba Hēnare, akaniinamia. "Mwanangu, kina mama wakikuimbia hujamaliza, basi umemaliza. Kimarae ndivyo ilivyo. Keti."

"Lakini nilisema bila saa wala kengele!"

"Ulisema. Hukusema bila shangazi."

Na Shangazi naye: "Nyuki wenyewe wamezeeka wakikusubiri, baba."

Akaimba! Mimi nimesimama, mdomo wazi!

Halafu wakapiga kura. Hoja imepita, hakuna hata mmoja aliyepinga. Nikainua mkono, niseme asante kidogo, kwa beti mbili hivi.

Shangazi akakohoa kusafisha koo. Nikaushusha.