Mohamed Abdi wa Chumba cha Saba

Jumamosi, Garissa. Joto la leo ni lile linaloingia ndani na kukaa, hata ukifungua madirisha yote. Stima imeenda na kurudi tangu asubuhi, jenereta inanung'unika, nami nanung'unika nayo. Sijala. Nimejifungia ofisini kuandika, kwa sababu kila ninayeweza kumwambia atanihurumia, na huruma ya mtu siitaki leo.

Jumanne asubuhi mgeni wetu wa chumba cha saba hakuamka.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua hoteli hii ilianzia kwenye jiko la makaa la mama yangu, karibu na stendi ya mabasi. Aliuza chai ya maziwa na mikate ya anjera, na kila aliyekunywa alimwita kwa jina la utani. Kwetu Wasomali jina hilo ndilo jina. Mrefu ni Dheere, asiyesikia ni Dhegoole, mwenye kovu ataitwa kovu lake hadi azikwe, na wala hakasiriki. Mama aliwapigia kelele hivyo barabara nzima, nami nilikuwa binti mdogo ninayeona aibu.

Nikaenda Nairobi kusomea mambo ya hoteli, nikarudi na cheti na maringo yangu. Nilianza na vyumba vya mabati, baadaye nikapandisha ghorofa. Wafanyakazi niliwapa sheria mbili. Mgeni haitwi jina la utani. Mgeni haulizwi ukoo. Atatoa kitambulisho na namba ya simu, ataambiwa karibu, basi.

Nami sikuwa mjinga. Katika mji huu swali la ukoo linaweza kuharibu msimu mzima. Kwangu watu ambao ndugu zao walikuwa hawasalimiani walikunywa chai meza moja, kwa sababu hakuna aliyewauliza wao ni wa nani. Nilijivunia hilo. Hata leo najivunia, na hapo ndipo panapouma.

Mzee wa chumba cha saba alikuwa akija kwa ajili ya kliniki ya hospitali. Kila mara alishuka basi la Wajir, akaomba chumba kilekile, akalala siku mbili tatu, akaenda zake. Hakuwa na maneno mengi. Aliniita abaayo, dada, na mimi nikamjibu karibu mzee, macho yakiwa kwenye simu yangu. Kila mwanamume anayefika pale mapokezi huniita abaayo. Ni adabu tu, nilidhani.

Mutua ndiye aliyegonga mlango wake. Mutua ni kijana wa Mwingi anayekaa mapokezi, mtu makini, na alikuja ofisini akitembea polepole mno. "Madam," alisema, "mzee hafungui, na leo ni siku yake ya kliniki." Tukafungua kwa ufunguo wa akiba. Alikuwa amelala ubavu, ameelekea kibla, kikombe chake kiko chini karibu na viatu. Daktari alisema ni moyo. Polisi waliandika yao. Wazee wa msikiti wakasema kile ambacho sote tunakijua, kwamba maiti haikawizwi.

Lakini ni maiti ya nani?

Kitambulisho kilisema Mohamed Abdi Hassan. Kwa asiyetujua, hilo ni jina lake, la baba yake na la babu yake. Kwa anayetujua, hilo si jina la mtu, ni nusu ya Kaskazini Mashariki. Rusha jiwe soko la mifugo, utampiga Mohamed Abdi, na atakayekuja kukugombeza ni Hassan. Simu yake ilikuwa na namba ya siri. Namba aliyotuachia mapokezi ilikuwa ya simu hiyohiyo. Polisi wakaniachia, niiweke chaji na kuwaarifu ikilia. Haikulia.

Nilimpigia chifu wa sehemu iliyoandikwa nyuma ya kitambulisho. Mtu mwema, alinisikiliza hadi mwisho.

"Walaal, dada yangu, Mohamed Abdi ninao kila boma," alisema. "Niambie watu wanamwita nani."

"Sijui."

"Basi ni wa reer gani, ukoo gani?"

"Sikumuuliza."

"Na amekuwa akilala kwako?"

Nikawaita wafanyakazi wote jikoni. Aliyetandika kitanda chake, aliyempelekea maji ya kuoga, aliyempikia uji. Nani anajua jina lake la watu? Wakatazamana. Walikuwa wametii sheria zangu vizuri kabisa. Mutua akasema, akitazama sakafu, "Sisi tulikuwa tunamwita Saba, madam."

Nilipeleka tangazo kwenye redio inayotangaza Kisomali. Mohamed Abdi Hassan, mtu mzima, wa upande wa Wajir, amefariki hotelini Garissa, jamaa zake wafike au wapige simu. Simu zikaja hadi sikio likauma. Kila nyumba yenye Mohamed Abdi aliye safarini ilipiga. Mama mmoja wa Lafey alilia nami kwa muda mrefu, kisha mumewe akaingia nyumbani kutoka dukani, nikamsikia akiuliza nani amekufa. Kijana wa Sangailu aliuliza kama marehemu ana kidole kilichokatika. Hana. Kila mazungumzo yaliishia kwa Alhamdulillah, na kila Alhamdulillah ikaturudisha mwanzo. Mungu anisamehe, ilifika mahali nikawa natamani mtu mmoja tu asiiseme.

Jumatano baada ya alasiri wakamzika. Wanaume waliomswalia walikuwa wengi, mji huu hauna uchoyo wa sala, lakini hakukuwa na hata mmoja aliyelia. Sisi wanawake hatuendi makaburini, nilibaki uani nikisikia magari yakiondoka. Mutua, ambaye ni mtu wa kanisa, alienda akasimama kando hadi mwisho. Aliniambia mzee mmoja alimshika mkono akamwambia, kwa Kiswahili chetu Wasomali kisicho na p, "Bole, kijana. Wewe ndio ulimbata. Mungu atakulifa." Mutua alisimulia hayo kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, akakaa huko peke yake.

Leo, baada ya adhuhuri, simu ya mzee ililia.

Nilikuwa mapokezi mwenyewe. Niliishika kwa mikono miwili.

"Aabo?" Ni sauti ya msichana, kwa Kisomali, akimwita baba yake.

Nikamjibu kwa salamu. Badala ya kushtuka kusikia sauti ya mwanamke, alifurahi.

"Eeddo! Ni wewe?"

Eeddo kwetu ni dada wa baba. Akanisalimia mfululizo, kama mtu anayeogopa salio litakata: mko aje, nyumba iko aje, watoto je, joto la Garissa je. Akasema wako mbali malishoni pamoja na ngamia wao, huko hakuna mtandao, ndiyo kwanza amefika Tarbaj. Akasema baba yao akirudi huwasimulia habari zangu, jinsi ninavyomwekea chumba chake asilale kwingine. Akasema wamekuwa wakitaka kunijua.

Nilimuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Baba yako ni nani?"

Alicheka. "Gurey. Eeddo, unanitania? Gurey wa Tarbaj, kuna asiyemjua?"

Gurey ni mtu wa mkono wa kushoto. Mwanamume yule alikunywa chai mbele yangu mara nyingi sana, na nikikaa hapa nikifumba macho siwezi kuona alishika kikombe kwa mkono gani.

Nilimwambia. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo hilo, nami nilitumia mbaya kuliko zote, nikasema haraka. Hakupiga yowe. Nilisikia mbuzi, na watu wakibishana kuhusu zamu ya maji.

"Redio ilisema," hatimaye alisema. "Jumanne. Mohamed Abdi Hassan. Nilikuwa nakamua. Nikasema Mungu amrehemu, maskini watoto wake. Nikaendelea kukamua."

"Walisema amefia hotelini," akaendelea. Alikuwa akinieleza kwa upole, kama mtu anayejitetea. "Aabo halali hotelini, eeddo. Aabo analala kwako."

Ningesema nini? Kwamba mimi si dada wa mtu yeyote huko Tarbaj? Kwamba chumba kile kina namba mlangoni, na shuka zenye nembo yangu, na kwamba kila asubuhi alipoondoka alipewa risiti? Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama yangu, asiyejua kusoma, angemfikisha mtu yule kwao kwa neno moja. Redio ingesema Gurey wa Tarbaj, na kabla ya magharibi nyumba nzima ingekuwa njiani. Wangemzika wao.

Kisha akaniuliza alichokuwa anataka kujua tangu nilipomwambia.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye," nikasema.

Nilidanganya. Alikufa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, nami nilikuwa chini nikibishana na fundi wa jenereta, au nimelala, hata saa yenyewe siijui. Lakini alishusha pumzi, nikaisikia ikishuka, na singeweza kumnyang'anya. Akasema Mungu akulipe eeddo. Akasema anaenda kuwaambia kaka zake, watapanda gari la leo.

Kwa hiyo wanakuja. Nimewaambia jikoni wachinje. Nimemwambia Mutua wakifika asiwaombe kitambulisho, asiwaandikishe, awalete moja kwa moja kwangu juu, ninakolala mimi.

Nimefikiria kuwaambia ukweli mlangoni kabla hawajavua viatu. Nimefikiria pia kutosema kamwe, niwe eeddo wao hadi nife, niende Tarbaj wakioa, nitume zawadi wakizaa. Yote mawili yananitisha, na sijui lipi ni la haki kwao na lipi ni la kuniponya mimi.

Kesho watakaa kwenye mkeka wangu, watakunywa chai, watalia. Halafu yule msichana ataniangalia na kuniomba niwasimulie kaka yangu alivyokuwa siku zake za mwisho.

Nitaanzia wapi?