Besi Iliyopotea Katikati ya Kanisa

Machakos,
Jumamosi, 14 Juni 2025.
Asubuhi ukungu na manyunyu, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini goti limepoa, na kwamba baridi ya huko Wamunyu si kali kama yetu. Sisi tuko salama, ila nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa Mutunga barua hii, maana anakuja huko kuchukua vinyago.

Nina habari ya kwaya. Najua hutaki kuisikia, lakini soma mpaka mwisho.

Tangu Mwalimu Kaloki akuambie ukae upumzike kwa kuwa besi yako haisikiki tena, na Carol wa soprano aseme siku hizi Mzee Musili anapiga miayo tu mbele ya maiki, umeamini sauti imekuishia. Mimi pia niliamini. Lakini Jumapili iliyopita nilikaa katikati ya kanisa, nikasikia noti za chini za kinanda zikiwa nyembamba kama zinatoka kwenye simu. Nikajiuliza, haya, Baba amezeeka. Kinanda nacho kimezeeka? Nikasogea ukutani karibu na spika, besi ikarudi. Nikarudi katikati, ikapotea. Mahubiri sikuyasikia.

Nilimweleza Githinji, bosi wangu pale tunapotengeneza redio. Alicheka, akauliza kama sasa nataka kuajiriwa na kanisa. Hata hivyo leo alikubali tubebe osiloskopu yake, ile mashine yenye skrini inayochora umeme kama mstari wenye mawimbi. Inaweza kuchora mistari miwili kutoka sehemu mbili, ukailinganisha.

Tulianza kwenye amplifaya, upande wa kulia na wa kushoto. Nikabonyeza noti moja ya chini. Mistari yote miwili ilipanda pamoja, ikashuka pamoja. Hapo hakukuwa na kasoro. Kisha tukaweka maiki moja mbele ya kila spika. Baba, natamani ungeona. Wimbi la kulia likipanda, la kushoto lilikuwa linashuka. Spika moja inasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na pale katikati, wanapokaa watu, zinafutana. Githinji alieleza kwamba sauti nene ndizo zinazoumia, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Ya Carol ni mafupi, yanaponyoka.

Mwalimu Kaloki, aliyetufungulia mlango, aliinamia skrini akaifuata mistari kwa kidole. Kisha akasema amemkalisha mtu asiye na kosa, akaniomba nikusihi urudi.

Nikafuata waya wa spika ya kushoto. Huko juu, waya mwekundu na mweusi wa spika umeongezwa urefu kwa waya wa stima ya nyumba, wa kahawia na wa buluu. Kahawia imefungwa kwa mweusi, nadhani kwa sababu zote ni rangi nzito. Lakini huku chini kwenye amplifaya, Mwalimu Kaloki aliichomeka kahawia penye alama nyekundu, kama wanavyofanya mafundi wa stima. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa hesabu yake.

Kile kiungo cha juu kimezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukavutwa na kupenyezwa chini yake wenyewe bila fundo, vile unavyofunga mpini wa tezo yako ya kuchongea vinyago. Sijaona mtu mwingine akifunga hivyo. Baba, besi yako uliizima kwa mikono yako mwenyewe.

Niligeuza nyaya kujaribu, mistari ikapanda pamoja, na vioo vya madirisha vikatetemeka kidogo. Kisha nikazirudisha kama ulivyozifunga. Githinji aliniuliza kama nina akili timamu. Mwalimu Kaloki alipotaka kujua ni nani aliyefunga, nilimwambia fundi huyo yuko Wamunyu, na atakuja kurekebisha mwenyewe Jumamosi ijayo, kabla ya mazoezi.

Wasalimie shangazi na wote wa hapo nyumbani. Mungu akutunze njiani.

Ni mimi binti yako,
Wavinya.

Nimemaliza saa nne na nusu. Sasa nalala.