Maji ya Shimo Kavu

Mkolani, Alhamisi

Bado nacheka peke yangu, wala sioni aibu.

Mimi ndiye niliyepima lile shimo ambamo kampuni yetu inataka kufukia taka za mionzi, nikaandika kwamba mvua zikianza, maji yanapanda humo. Bosi akaifuta sehemu hiyo kwenye ripoti ya mazingira. Leo kasimama mbele ya wananchi: "Shimo ni kavu kabisa, ndugu zangu."

Ugali na sato vilipoletwa, nikachukua jagi na beseni, nikamnawisha yeye kwanza kama mgeni wa heshima. Alidhani nimekubali yaishe.

"Maji ya baridi haya. Mmeyatoa wapi?"

"Kwenye shimo lako, bosi. Nimeyachota asubuhi."

Mwenyekiti wa mtaa akanyoosha mikono. "Na mimi ninawishe, mwanangu. Nataka niyashike mwenyewe."

Kazi huenda ikaota mbawa, na mume wangu sijui nitamwambiaje...

Lakini nilimwona bosi. Alibaki kanyoosha mikono inayochuruzika, akisubiri taulo. Nilikuwa nalo begani. Sikumpa.