Ikram Mwenye Miaka Kumi na Sita

Kwa Jabiri Mdoe,
Makuyuni,
Korogwe.
9 Desemba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ukasha,

Salaam aleikum. Na marahaba, maana najua huko Mpanda hakuna wa kukukumbusha kuniamkia. Je, mguu uliogongwa na bodaboda umepona au bado unachechemea? Hajira hajambo? Na huyo Twaha wenu, ameacha kula udongo? Sisi huku ni wazima wa kusukuma siku. Goti langu la kushoto linanisumbua, na mvua za vuli zimetupita juu kwa juu kama hazitujui, zikaenda kuwanyeshea watu wa Lutindi ambao wala hawakuwa na shida nazo. Mihogo ipo, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kutoka kwa shemeji yetu Jabiri. Genge langu la Mkata nimelifunga wiki ya tatu sasa, abiria wa mabasi watafute mihogo ya kukaanga kwa wengine.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Kwanza, ndani ya bahasha hii mna fomu inayotaka sahihi yako. Pili, mambo haya sitaki kuyatamka kwa mdomo. Cheka tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuzomea ulipoogopa kupita vichakani kwenda kisimani, sasa ni zamu yako. Lakini soma mpaka mwisho.

Nianze na lililo zuri. Ikram, binti wa ndugu yetu Fatu, amefaulu darasa la saba, na amechaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu ya serikali. Katika shule yao ni yeye peke yake. Jabiri alichinja jogoo, yeye ambaye hata Idi hutuzungusha. Darasani walikuwa themanini na saba, na vitabu vya hesabu sita, wakati wenzao wa mjini walikuwa wakifundishwa hadi jioni na walimu wa kulipwa. Nikasema haya siyo mashindano, ni kumshindanisha mbio mtu aliyebeba kuni na mwenye mikono mitupu. Jabiri akanijibu, "Basi aliyebeba kuni amefika wa kwanza, shemeji. Kaa ule."

Furaha ile haikumaliza wiki. Shule hiyo ina sharti la umri, mtoto asizidi miaka kumi na minne. Ikram wetu ana kumi na mitatu. Karatasi zake zinasema kumi na sita.

Najua unakumbuka, ila acha niyaandike kwa mpangilio, maana hata ofisini watayataka hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Ikram wa kwanza alifariki, akiwa na miaka miwili na miezi saba, kwa homa ya siku mbili. Jabiri alikuwa Mombo kwenye mkonge. Wewe ndiye uliyembeba, ukamlaza nyuma ya nyumba karibu na migomba. Miezi mitano baadaye Fatu akajifungua msichana mwingine. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, nawe ukasema mtoto arithi jina la dada yake lisipotee. Wote tuliona umesema vema. Fatu hakuwahi kusema kwamba mtoto wake alikufa. Alisema amerudi.

Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza walitaka cheti cha kuzaliwa. Jabiri akafungua sanduku, akatoa kile cha marehemu. Jina ni hilo, baba ni huyo, mama ni huyo, kwa nini ahangaike kwenda mjini kutafuta kingine? Mwalimu aliuliza mbona mtoto ni mdogo hivi, Jabiri akasema kwao ni watu wafupi. Miaka saba mtoto ameitwa kila asubuhi kwa cheti cha mtu aliyelala migombani, na hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi sikuona.

Mimi ndiye niliyemsindikiza kwenye usaili wa waliochaguliwa. Walimu watatu, mimi nimekaa kwenye benchi mlangoni. Hesabu walizomuuliza alizijibu kabla hawajamaliza kuuliza. Kisha mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akatazama karatasi, akamtazama mtoto.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na mitatu."

"Mbona hapa wameandika kumi na sita?"

"Wa kumi na sita ni mwingine. Yupo nyumbani."

"Nyumbani anafanya nini?"

"Ananisubiri. Nikisoma nitarudi nimfundishe."

Yule mama akaweka kalamu mezani. Ukasha, mtoto huyu hatujawahi kumwambia habari za dada yake. Si mimi, si Jabiri, na Fatu ndiyo kabisa. Njiani nilimuuliza amejuaje. Akanijibu kwa upole, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni, "Mama mkubwa, kila nikiitwa darasani nilikuwa naona jina linaanza kufika kwa mtu mwingine, halafu ndiyo linakuja kwangu."

Walimu hawakuwa watu wabaya. Walituambia tulete cheti cha kifo cha yule wa kwanza na cheti cha kuzaliwa cha huyu wa pili. Mwisho ni tarehe 19 mwezi huu. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Na kuna kitu kinanichoma. Yupo mtoto mmoja, simtaji, amerudia darasa mara mbili na ndevu zimeanza kuchomoza. Cheti chake ni kipya hata wino haujazoea karatasi, kinasema ana miaka kumi na mitatu, naye amepita. Wanasema sharti ni moja kwa wote. Aliyepunguziwa miaka na walio hai ameingia, na wetu aliyeongezewa na marehemu amebaki mlangoni. Hasira zilinishika siku mbili nzima.

Fatu aliposikia habari za cheti cha kifo aligoma. Akaniambia, "Dada Mashavu, mkishaandika kwamba Ikram Jabiri amekufa, huko majina ya wafu yanakosomwa watajuaje ni yupi?" Nilimkemea, nikamwambia aache mambo ya kishirikina.

Alhamisi tuliketi kuijaza fomu. Mimi niliirudisha kalamu mezani, na Jabiri mwandiko wake unaujua. Ikram akaichukua mwenyewe. Akaandika jina la marehemu. Akaandika homa. Akaandika mahali alipozikwa. Palipoulizwa uhusiano na marehemu alinyanyua kichwa, akatazama nje dirishani kidogo, kisha akaandika: mdogo wake. Utauona mwandiko wake, ni mzuri kuliko wa karani. Jabiri akatia sahihi, na Fatu akaweka dole gumba huku ametazama ukutani. Palipobaki ni pako, wewe uliyezika.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Tangu aweke dole lile, leo siku ya tano, Fatu hajamwita mtoto kwa jina. Anamwita wewe. Wewe njoo ule, wewe lete maji. Nilimsihi, nikagombana naye, akalia tu. Anasema jina lile sasa ni la marehemu, akilitaja ataitikiwa na asiyemtaka.

Jana mchana nilikuwa natwanga mahindi uani. Nikasikia mtu anaita kutoka migombani, "Ikram! Ikram we!" Sauti ya Fatu kabisa. Nikashusha mchi, nikamshukuru Mungu kwamba mdogo wangu amerudiwa na akili. Nilipogeuka, Fatu alikuwa nyuma yangu na ungo, mdomo umefumba. Na kule migombani mtu akaitika, "Abee, mama."

Nilikwenda huko. Nilimkuta Ikram amesimama peke yake. Akaniangalia, akaniuliza, "Mama mkubwa, na wewe umesikia?"

Nilimshika mkono, nikamrudisha uani. Ukasha, usiitume fomu kwa basi. Ilete wewe mwenyewe, kabla ya tarehe 19. Jina lile ulilitoa wewe, na mimi sina uwezo nalo. Njoo umwite mtoto mbele ya mama yake, mchana kweupe, watu wasikie aliyeitika ni nani.

Msalimie Hajira na wanao wote. Jabiri anakusalimu, na mzee Semboja jirani yetu anauliza lini utakuja kuona mnazi wako. Fatu naye anakusalimu, ingawa sikumuuliza. Mungu akufikishe salama na akulipe mema kwa uliyotutendea wote wakati ule wa msiba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungoja barabarani kila basi linaposimama,

Mashavu